Muulize Dada: Mwanangu kaangalia muvi ya chesi, sasa hataki twisheni

Naona muvi ya Queen of Katwe imezunguka tena huku kwetu Nyanda za Juu, mtu anaikopi kwenye flashi anampa mwenzake, mabanda umiza nayo yameiweka, na baridi hii ya mwezi wa saba watu wamejifunika mablanketi wanaangalia muvi basi maswali yamenifurika. Nimechagua manne.

Kwa ambao hamjaiona: ilitoka mwaka 2016, ni ya Disney, imeongozwa na Mira Nair, na inamhusu Phiona Mutesi, binti wa kweli kabisa wa Katwe pale Kampala Uganda, mtaa wa watu wa hali ya chini sana. Alikuwa anatembeza mahindi, shule aliacha kwa kukosa ada, akakutana na kocha Robert Katende aliyekuwa anafundisha watoto wa mtaani kucheza chesi, akafika mpaka Olimpiadi ya mchezo huo. Mama yake, Harriet, kachezwa na Lupita Nyong'o, kocha ni David Oyelowo, na Phiona kachezwa na Madina Nalwanga, binti wa Kampala hapohapo. Chesi ndo ile mtaikuta kwenye kamusi kama sataranji. Haya tuanze.

*

Dada habari za kazi. Mimi nauza viazi na ndizi mbichi soko la Mwanjelwa hapa Mbeya, nina watoto watatu, baba yao alishatangulia mbele za haki. Mkubwa yuko darasa la sita, anaongoza au anashika nafasi ya pili kila mtihani. Sasa likizo alienda kwa mjomba wake mtaa wa Soweto hapahapa Mbeya wakaangalia hiyo muvi, tangu arudi ni chesi chesi chesi, kachora kwenye boksi, kakusanya vizibo vya soda, afu juzi kanigomea kabisa, twisheni haendi, ile hela nimnunulie chesi ya ukweli, atakuwa bingwa atanijengea nyumba kama yule dada alivyomjengea mama yake. Nimelia dada. Jirani ananiambia hiyo ni kamari tu kama drafti za vijiweni. Nimchape au nimwache? Na kweli huo mchezo una hela?
Mama wa watatu, Mwanjelwa

Mama pole, afu hongera, maana mtoto wa darasa la sita anayekaa chini mwenyewe akachora ubao kwenye boksi huyo kichwa chake kinafanya kazi. Usimchape. Nimelitanguliza hilo kwa sababu najua barua hii inaweza kukufikia jioni ukiwa umechoka na soko.

Swali la hela nakujibu bila kuzungukazunguka. Kwa walio wengi haina hela. Ile Olimpiadi ya chesi unayoiona kwenye muvi mchezaji anapewa medali, hapewi bahasha. Phiona mwaka 2012 kule Istanbul alipata cheo cha FIDE, yani chama cha chesi cha dunia, yeye na mwenzake Ivy Amoko wakawa wanawake wa kwanza Uganda kupata vyeo hivyo, heshima kubwa mno lakini cheo hakiji na mshahara. Kilichomtoa zaidi ni habari yake kuandikwa. Mwandishi mmoja wa Marekani, Tim Crothers, aliandika makala mwaka 2011, mwaka 2012 ikawa kitabu, 2016 ikawa muvi, baadaye akapata nafasi ya kusoma chuo kikuu kule jimbo la Washington. Mlolongo kama huo hakuna mtoto anayeweza kuupanga, sio wa Katwe sio wa Mwanjelwa. Watoto wengine waliokaa kwenye lile benchi pamoja naye hawajatengenezewa muvi, na walicheza chesi ileile.

Sasa mwambie mwanao kitu ambacho nadhani kakipita haraka kwenye ile muvi. Phiona hakwenda pale kutafuta ubingwa. Alimfuata kaka yake, na pale palikuwa na uji. Kocha alikuwa anawapa watoto kikombe cha uji, na mtoto aliyeshinda njaa atakaa sehemu yenye uji hata kama anachekwa kwamba ananuka, na walimcheka kweli. Chesi ilimkuta kwenye uji. Afu angalia na kile alichofanya kocha na mke wake baadaye, wakahangaikia shule, mtoto akarudi darasani, akajifunza kusoma. Mimi nimeiangalia hiyo muvi mara tatu na kila mara naona shule imetangulia mbele ya ubingwa.

Hilo la kamari usijisikie vibaya, Harriet naye alidhani hivyohivyo, alimjia juu kocha kwamba anawafundisha wanawe kamari, mpaka akaenda kujionea mwenyewe. Na wewe kajionee. Siku moja ukitoka soko kaa chini na huyo kijana akufundishe, sikutanii mama, akuonyeshe farasi anaendaje, mfalme anaendaje. Utajua ndani ya nusu saa kama anaelewa anachofanya au anafuata mkumbo tu. Chesi haina bahati nasibu, hakuna kete ya kurusha wala karata ya kufunika, vyote viko wazi mbele yenu wote wawili, ndo maana nasema sio kamari. Kamari ni pale watu wanapoweka hela pembeni, na hiyo wanaweza kuiweka hata kwenye mechi ya chandimu.

Kuhusu twisheni, kama anaongoza darasa sioni kwa nini aende kila siku ya Mungu, kubaliana naye, tuseme siku tatu twisheni, siku mbili chesi, na Jumamosi akusaidie sokoni kama kawaida. Ila mwakani yuko darasa la saba kwa hiyo hesabu na kiingereza asiviache, na umwambie hata wale wanaoshindana nje ya nchi wanasoma vitabu vya chesi na vingi vimeandikwa kiingereza. Ubao wa kununua usinunue sasa hivi. Boksi lake linatosha.

Lakini mama kuna kitu kwenye barua yako kimenikaa rohoni kuliko hiyo twisheni. Mtoto wa miaka kumi na mbili anawaza kukujengea nyumba. Huyo amekuona unahesabu hela ya kodi usiku, unazipanga, unazirudia, ukidhani wao wamelala. Mama yangu mimi alikuwa anapunguza mafuta ya kupikia ili apate ya koroboi nisome, kule Uyole, na mimi nilikuwa naona, nikawa nasoma kwa hofu, nikifeli mtihani mmoja tu najiona nimemwibia. Mzigo ule ni mzito kwa mtoto. Kwa hiyo usimwambie "utanijengea mwanangu" hata kama ni kwa kumfurahisha. Mwambie nyumba ni kazi ya mama, yeye kazi yake ni kusoma, kucheza na kukua. Akilijua hilo nakuhakikishia hata hiyo chesi ataicheza vizuri zaidi.

*

Kamwene dada. Mimi ni mwalimu wa kujitolea, shule ya msingi nje kidogo ya Iringa mjini. Baada ya kuwaonyesha watoto hiyo muvi kwenye laptopu yangu wamenijia kama sitini wanataka klabu ya chesi. Sina ubao hata mmoja, shule haina fungu, mwalimu mkuu kaniambia fanya ila usije kuniomba hela. Nianzie wapi? Na mimi mwenyewe najua drafti tu.
Mwalimu, Iringa

Kamwene mwalimu, na kama unajua drafti basi umeshafika nusu ya njia na hujui.

Ubao wetu wa drafti, huu wa vijiweni, una vyumba 64, nane kwa nane. Wa chesi ni huohuo! Fundi seremala yeyote hapo Mlandege au Kihesa anaujua, na vijiwe vyote vinao, kwa hiyo kwa kuanzia nenda kijiweni ongea na wazee wakuazime mbao mbili tatu asubuhi wakati hawachezi, afu watoto wenyewe wachore nyingine kwenye maboksi, rula na makaa vinatosha. Ukiuweka hakikisha chumba cha pembeni kulia kwako, kile cha safu ya kwanza, ni cheupe. Kete ni vizibo. Kila upande unahitaji 16, utabandika karatasi juu na kuandika herufi, M mfalme, L malkia, N ngome, F farasi, A askofu, na wale wanane wadogo wa mbele, askari, waache bila herufi. Timu moja vizibo vya rangi moja, nyingine rangi nyingine. Mgahawa mmoja tu wa kando ya barabara unakupa vizibo vya wiki nzima.

Usianze kufundisha kete zote siku moja, watachanganyikiwa na nusu watakukimbia. Anza na askari peke yao, wanane kwa wanane, anayefikisha wa kwanza upande wa pili kashinda. Askari anaenda mbele hatua moja, mara ya kwanza anaruhusiwa mbili, ila anakula kwa kukata kona, sio mbele. Mchezo huo mdogo unachukua dakika tano na watoto wanaupenda mno. Wiki ya pili ongeza ngome, anaenda mnyoofu. Afu askofu, anaenda kona tu. Farasi mwache mwisho maana ndo anayeumiza vichwa, anaruka hatua mbili na kukunja moja, na ndo peke yake anayeruka juu ya wenzake.

Watoto wa drafti watakusumbua sehemu moja. Drafti kula ni lazima, ukiacha ni kosa. Chesi kula ni hiari. Hapo wengi wanajikwaa, wanakula kila wanachokiona na kumbe wamewekewa mtego. Nami nilipoanza kujifunza kwenye simu miaka mitatu iliyopita nilikuwa na ugonjwa huohuo, miezi mizima. Ila kuna kitu watakielewa haraka kuliko mtoto wa Ulaya, drafti ikifika mwisho inakuwa kingi, na chesi askari akifika mwisho anageuka malkia. Kwenye muvi ndo kale kabinti kadogo, Gloria, kanamwelezea Phiona hilo jambo kwamba mdogo anaweza kuwa mkubwa, na mimi pale huwa napasimamisha narudisha nyuma, na tangu niliposikia kwamba yule binti aliyemcheza Gloria, Nikita Waligwa, alifariki mwaka 2020 kwa uvimbe kwenye ubongo, akiwa na miaka 15 tu, ile sehemu imekuwa nzito zaidi kwangu.

Wewe mwenyewe jifunze usiku. Kuna programu ya simu inaitwa Lichess, ya bure kabisa, haina matangazo, ukishaipakua unaweza kucheza na kompyuta hata bando likiisha. Simu moja ya mwalimu inatosha, cheza, fungwa, kesho unawafundisha kile kilichokufunga.

Mambo mawili mengine halafu nikuache. Wasichana, waite kwa majina. Kijiwe cha drafti kwetu ni cha wanaume, mabinti wamekua wakijua ule mchezo sio wao, ukisema tu "anayetaka aje" watakuja wavulana hamsini na wasichana watatu, tena hao watatu watakaa nyuma. Katende alianza na mpira, chesi akaileta kwa ajili ya watoto waliokuwa wanakaa pembeni hawachezi, hebu na wewe waangalie wale wanaokaa pembeni. Na la pili ni tumbo. Kama klabu ni saa nane mchana na watoto hawajala, utakuwa unafundisha watoto wanaosinzia. Elimu ya msingi ada hamna lakini chakula shuleni bado ni michango ya wazazi na sio wote wanaotoa, unalijua hilo kuliko mimi. Ongea na wazazi wachache, debe la mahindi, sukari kidogo, uji wa Ijumaa tu. Kule Lagos Nigeria yupo kijana, Tunde Onakoya, anafundisha watoto wa mitaa ya maskini chesi, mwaka 2024 alicheza saa 60 mfululizo New York kuwachangishia watoto hela ya shule, yani hata yeye pamoja na umaarufu wake wote anajua ubao peke yake hautoshi.

Ukifikisha watoto kumi wanaomaliza mchezo bila kuuliza sheria niandikie, nakuja Iringa kucheza nao. Nimesema.

*

Dada mimi hiyo muvi sijaipenda. Wazungu wanapenda kutuonyesha Waafrika maskini, mafuriko, mtoto kagongwa na bodaboda, wametoroka hospitali hawana hela, kila kitu shida. Wanatengeneza hela kwa shida zetu. Kwa nini watu mnaisifia?
Kijana, Makambako

Kaka nakuelewa, na muvi za namna unayoisema zipo nyingi, mzungu anashuka kwenye ndege anaokoa kijiji, sisi tunapiga makofi. Hii naiona tofauti na nitakwambia kwa nini. Humu hakuna mzungu anayeokoa mtu. Kocha ni Mganda, naye alikuwa yatima, kasomea uinjinia na kazi ya uinjinia akaiacha kwa ajili ya wale watoto. Mira Nair ni mzaliwa wa India lakini Kampala ni kwake, ana familia pale, alianzisha pale shule ya kufundisha vijana wa Afrika Mashariki kutengeneza filamu na akaiita Maisha, kwa Kiswahili chetu. Walirekodi Katwe yenyewe, na sehemu nyingine Afrika Kusini. Angalia rangi za nguo, soko, watu wanavyotaniana, hao sio watu waliopigwa picha ili waonewe huruma. Na mwisho kabisa, wakati majina yanapita, kila mwigizaji anatoka na yule mtu wa kweli aliyemwigiza, wanasimama pamoja. Kama uliizima kabla ya hapo irudie.

Hela nayo, muvi iligharimu kama dola milioni 15 na sinemani ikaingiza kama milioni 10. Hakuna aliyetajirika pale.

Bodaboda na hospitali ulivyovitaja, kaka, vipo Makambako pia. Mimi sitaki muvi iliyovificha.

*

Dada shikamoo. Niko kidato cha pili, Tukuyu. Mwalimu wetu wa hesabu ametufundisha chesi, tukacheza na shule nyingine, nikafungwa michezo yote minne, mmoja nilifungwa kwa hatua nne tu na mtoto mdogo kuliko mimi, nikalia mbele za watu. Sasa darasani wananiita Malkia wa Kulia. Nataka kuacha. Je Phiona naye alikuwa analia?
Msichana, Tukuyu

Marahaba mdogo wangu. Ndiyo, alilia. Mwaka 2010 alipelekwa Olimpiadi, kule Khanty-Mansiysk, Siberia, Urusi, baridi ambayo hata Tukuyu yetu na mvua zake haifui dafu. Mchezo wake wa kwanza kapangiwa bingwa wa Canada na alifungwa, na kwenye muvi utamwona anavyovunjika moyo kabisa na kocha anakaa naye. Miaka miwili baadaye ndo akapata kile cheo cha Istanbul nilichomwambia mama wa Mwanjelwa hapo juu. Kwa hiyo kulia sio tatizo, na hao wanaokuita jina hilo uliza wangapi kati yao wamethubutu kukaa kwenye ubao mbele ya shule ngeni.

Hiyo ya hatua nne inafunga karibu kila anayeanza, na dawa yake ipo, nakupa sasa hivi chukua ubao. Kila chumba kina jina, herufi ya safu a mpaka h na namba ya mstari 1 mpaka 8, ukihesabu kutoka upande wa mweupe. Tuseme wewe unacheza kete nyeusi. Yeye anafungua askari e4, wewe e5. Anamtoa askofu mpaka c4, wewe toa farasi c6. Anamleta malkia h5. Hapo ndo ulipofia, sivyo? Yule malkia na yule askofu wote wanamwangalia askari wako wa f7, na huyo f7 analindwa na mfalme tu hana mwingine. Usiogope na usikimbilie kula kitu. Sogeza askari wa g7 hatua moja, g6. Malkia wake ametishiwa, lazima aondoke, na askari wako wa e5 hawezi kuliwa bure kwa sababu farasi wa c6 anamlinda. Mara nyingi atarudi f3, anatishia tena palepale f7. Wewe mlete farasi wa pili f6, njia imeziba. Sasa hesabu: yeye kamhamisha malkia mara mbili na hajapata kitu, wewe farasi wako wote wawili wako nje wanafanya kazi.

Fanya hivyo mara ishirini na mdogo wako au rafiki yako mpaka mkono uzoee. Afu ule mchezo uliofungwa uandike wote kwenye daftari, hatua kwa hatua, kama bado unaukumbuka, ukishamaliza nitumie. Nataka kuona kama ulikosea hatua ya pili au ya tatu.